Muulizeni mjumbe maji yalifika wapi

Mkazi wa Kigogo, Jangwani au Tandale akiulizwa mafuriko yalifika wapi, hatafuti karatasi. Anagusa mwili wake. Kifundo cha mguu ni mvua ya kawaida ya masika. Goti ni siku ya kupandisha magodoro juu ya meza na kuwabeba watoto mgongoni. Kifua ni Desemba 2011. Kisha atamwonyesha mgeni mstari wa tope ukutani, ule ambao rangi mpya haijaufuta, na kumweleza maji yaliingilia mlango gani, yakatokea kwa nani, na kalavati lipi lilikuwa limeziba usiku ule.

Maarifa hayo hayafundishwi darasani, na hakuna ofisi ya serikali jijini Dar es Salaam inayoyamiliki. Yamo kwa mama lishe aliyepoteza meza yake, kwa mwenye nyumba ya kupangisha, kwa mjumbe wa shina anayegongewa mlango saa nane za usiku. Jiji limewahi kuyatumia, na yakalifaa. Kasoro ni kwamba huyaomba msimu wa mradi unapofika, na mradi ukifungwa linayaacha yaende zake. Wakati umefika yapewe nafasi ya kudumu kwenye meza ya uamuzi, pamoja na bajeti yake.

Ushahidi upo. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi wa huko kuchora ramani ya kata ambayo ramani nyingi za wakati huo ziliipita kama vile hakuna anayeishi pale. Mwaka 2015 wazo hilo lilikua na kuwa mradi wa Ramani Huria, uliozileta pamoja Tume ya Sayansi na Teknolojia, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi. Vijana walipita vichochoroni wakiwa na simu na vifaa vya GPS, huku droni zikipiga picha kutoka juu. Waliorodhesha nyumba, visima, vyoo, mitaro na makalavati. Kata zaidi ya 20, nyingi zikiwa zile zinazozama kila mwaka, zikapata ramani ambazo mtu yeyote anaweza kuzitumia bure kupitia OpenStreetMap.

Droni iliona mabati. Haikuona maji. Ili kujua mafuriko hufika wapi ilibidi wachoraji waulize, na majibu yakaja kwa kipimo kile kile cha goti, kiuno na kifua. Ilibidi pia watembee na wajumbe wa mashina ili kujua mpaka wa kila shina, yaani kundi la nyumba lililo chini ya mjumbe mmoja, maana katika makazi yasiyopimwa shina ndilo anwani inayoeleweka na kila mtu. Mjumbe anajua ni nyumba ipi ina bibi asiyeweza kutembea, ipi ina mtoto mchanga, na ipi imehamwa tangu mwaka jana. Hakuna satelaiti inayojua hayo.

Ili kuona uzito wa habari hizo, ni vizuri kuufuata mto wenyewe. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, wilayani Kisarawe, unashuka kwa takriban kilomita 35 na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani unapokea mito midogo ikiwemo Ubungo, Luhanga na Sinza. Zamani mvua ikinyesha juu, sehemu kubwa ya maji ilinywewa na ardhi yenye miti na mashamba. Sasa jiji limepanda hadi huko. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 mkoani Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 5.38. Kila bati na kila uwanja wa saruji ni eneo ambalo haliwezi tena kunyonya maji. Mvua ikinyesha Kisarawe na Gongo la Mboto, maji yanashuka kwa kasi yakiwa yamebeba mchanga wa vilima vilivyochimbwa, na mchanga huo unatua Jangwani, mahali mto unapotambaa. Kina kinapungua mwaka hadi mwaka. Juu ya mchanga inakuja taka, juu ya taka kinakuja kifusi cha mtu aliyetaka kuinua kiwanja chake, na maji yakikosa njia yanaingia sebuleni.

Halafu kuna jambo ambalo watu husema kwa sauti ya chini: kutapisha vyoo. Mvua kubwa ikianza, baadhi ya wakazi wasiomudu gharama ya gari la kunyonya majitaka huachia mashimo yao yamwagike na maji ya mvua. Hapo mafuriko huacha kuwa suala la magodoro na kuwa suala la kipindupindu.

Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza uzito wa mzigo huu. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walichunguza mvua za Oktoba hadi Desemba 2023 Afrika Mashariki, wakahitimisha kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu lilizifanya ziwe kali hadi mara mbili ya vile ambavyo zingekuwa. Kwa mvua za masika ya 2024 mchango waliouona ulikuwa mdogo zaidi, takriban asilimia 5. Hata hivyo, ilipofika Aprili mwaka huo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mafuriko na maporomoko. Mvua moja ilizidishwa sana na tabianchi, nyingine kidogo, na zote mbili ziliwakuta watu walewale katika mabonde yaleyale. Anayefanya kazi ya tabianchi mjini, kwa hiyo, analazimika kuwa mtu wa mitaro, wa taka na wa ardhi.

Harakati za tabianchi zikitajwa, picha inayokuja haraka ni ya kijana mwenye bango mbele ya ukumbi wa mkutano wa kimataifa. Vijana hao wana kazi yao na inastahili heshima. Lakini Dar es Salaam ina wanaharakati wengine wasiojiita hivyo. Ni akina mama wanaochangishana kununua viroba vya kujaza mchanga kabla ya masika. Ni vijana wanaozibua mtaro bila glavu. Huko Bonyokwa, wilayani Ilala, asasi ya Nipe Fagio imefanya kazi na wakazi kutenganisha taka majumbani, ili mabaki ya chakula yawe mboji, makopo yauzwe, na kinachobaki cha kutupwa kiwe kidogo. Taka isiyofika mtaroni ni mafuriko yaliyopunguzwa, na kazi hiyo imeanzia jikoni.

Juhudi kama hizi hukwama mahali pamoja: pale raia anapomaliza sehemu yake na taasisi haijaanza ya kwake. Mwaka 2015 Rais John Magufuli aliamuru fedha za sherehe za Uhuru zitumike kwingine na Desemba 9 iwe siku ya usafi. Nchi nzima ilitoka na mafagio, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawa siku ya usafi. Ni utaratibu mzuri. Lakini kila mkazi wa mabondeni ameshaona jinsi unavyoharibika: watu wanatoa tope na taka mtaroni asubuhi, wanaviweka kando wakisubiri gari, gari haliji siku hiyo wala wiki hiyo, mvua inanyesha, na kila kitu kinarudi mtaroni. Jumamosi inayofuata wanatokea wachache zaidi. Mwishowe viongozi wanasema wananchi hawana mwamko.

Mwamko wanao. Walichokosa ni mtu wa kumdai gari. Msimbazi unapita katika maeneo ya Kisarawe, Ilala, Ubungo na Kinondoni, na sehemu ya chini mto wenyewe ndio mpaka kati ya mamlaka mbili. Maji ya mto yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, mazingira yako chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), barabara nyingi za mitaa na mitaro yake ziko chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), na taka ziko chini ya halmashauri. Mkazi mwenye kalavati lililoziba anaweza kuzunguka ofisi zote hizo na kila moja ikamwelekeza kwenye nyingine kwa ukweli kabisa, kwa sababu kila moja ina kipande chake.

Historia ya kuamua bila kusikiliza inafahamika, na iligharimu. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikazihamishia Mabwepande familia zilizokuwa mabondeni. Nia ilikuwa kuokoa maisha. Lakini Mabwepande ni mbali na Kariakoo, na mtu anayeishi kwa kuuza maandazi alfajiri au kubeba mizigo sokoni haishi kwa kiwanja peke yake. Baadhi ya waliopelekwa huko walirejea mjini. Desemba 2015 zikaja alama za X kwenye nyumba za kubomolewa, na tingatinga, bomoabomoa iliyozitoa familia nje msimu wa mvua, hadi Mahakama Kuu iliposimamisha ubomoaji dhidi ya walalamikaji mwanzoni mwa 2016. Wakati huohuo, katikati ya bonde hilohilo la Jangwani, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilikuwa imejengwa na serikali, na tangu usafiri huo uanze Mei 2016 imezama mara kwa mara. Maji yalipitisha hukumu sawa kwa mwenye kibanda na kwa mwenye mradi wa mabilioni. Ila mmoja wao aliitwa mvamizi.

Kuna wanaojibu kwamba sheria ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na anayejenga humo anajihatarisha na kuhatarisha wengine. Wanaongeza kwamba wakazi haohao ndio wanaotupa taka mtoni, ndio wanaochimba mchanga, ndio wanaotapisha vyoo. Hoja hiyo ina ukweli na haifai kukwepwa. Bonde si mahali salama pa kulea watoto, na zipo nyumba ambazo ni lazima ziondoke. Lakini sheria hiyo ilikuta watu wengi wameshajenga, baadhi wakiwa na leseni za makazi na bili za umeme. Na mchanga unaochimbwa mtoni unajenga nyumba za jiji zima. Katazo ambalo halikumwonyesha mtu pa kwenda wala namna nyingine ya kupata riziki limejaribiwa kwa miaka mingi, na matokeo yake yanaonekana kutoka juu ya daraja la Jangwani.

Mwaka 2018 jiji lilijaribu njia nyingine. Mafuriko ya Aprili mwaka huo, ambayo Benki ya Dunia ilikadiria yaliziletea kaya hasara ya zaidi ya Dola milioni 100, yalitokea wakati warsha za usanifu shirikishi wa bonde la Msimbazi zikiendelea. Zaidi ya watu 200 walishiriki: wahandisi, maofisa wa wizara na manispaa, wanataaluma, wawakilishi wa wakazi. Kutokana na warsha hizo ulizaliwa mpango wa kuuongezea mto kina na nafasi, kujenga daraja jipya Jangwani, kuhamisha karakana ya mabasi na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya umma inayoweza kupokea maji mengi bila kuua mtu. Septemba 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola milioni 200, na Hispania na Uholanzi zikaongeza fedha zao.

Ni mpango bora kuliko tingatinga, na waliokaa kuupanga wanastahili shukrani. Wengi wameshalipwa fidia na kuondoka. Lakini wapo waliolalamika hadharani kwamba walicholipwa hakitoshi kununua kiwanja kingine ndani ya jiji. Malalamiko ya namna hiyo ndiyo yanayopima ushirikishwaji. Kumwita mkazi kwenye warsha ya kuchora bustani ni hatua. Kumpa nafasi ya kuhoji orodha ya fidia, kanuni ya tathmini na tarehe ya kuhama kabla havijatiwa saini ni hatua nyingine, na ndiyo inayoamua kama atajenga mahali salama au atashuka bonde jingine, la Mto Mzinga au la Kizinga, na kuanza upya.

Jiji hili linajua namna ya kufanya hivyo, kwa sababu limewahi kufanya. Katika miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walishiriki kujenga mitaro ya mvua na barabara za mtaa wao kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wataalamu wa chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu Ardhi. Walifanya kazi kwa mikataba ya kijamii, wakalipwa, wakajifunza ujenzi, na kamati yao ikawa na sauti katika kupanga mtaro upite wapi. Fedha ya mradi ilibaki mtaani kama ujira. Mradi huo ulisomwa na wapangaji miji wa nchi nyingine, huku nyumbani ukisahaulika.

Majirani wa Nairobi wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2017 Mukuru, makazi ya kaya zaidi ya 100,000, ilitangazwa kuwa eneo maalumu la mipango. Swali likawa ni vipi watu wengi kiasi hicho washauriwe. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wake waliwapanga wakazi kwa vikundi vya kaya kumi, kila kikundi kikatoa mwakilishi, na wawakilishi wakaunda ngazi ya juu yake, hadi kufika kwenye meza ya serikali ya kaunti. Mtanzania akisikia habari za kaya kumi kumi hahitaji kueleweshwa. Mfumo huo anao nyumbani tangu enzi ya balozi wa nyumba kumi.

Hapa pana jambo la kusemwa wazi. Mjumbe wa shina ni kiongozi wa chama, si wa serikali, na jiji la vyama vingi haliwezi kuweka maisha ya watu mikononi mwa ngazi ya chama kimoja. Maarifa yake yatumike, lakini mamlaka yakae kwa mwenyekiti na kamati ya serikali ya mtaa, na juu yao ukae mkutano wa wakazi wote. Wenyeviti wa mitaa walichaguliwa Novemba 2024. Wengi wao wanaitwa kwenye miradi kama wapambe wa kukaribisha wageni na kugawa maji ya chupa. Hao ndio wanaopaswa kuwa na daftari la mitaro.

Yanayodaiwa si makubwa. Kwanza, kila mtaa wa bondeni uwe na ramani yake ya mafuriko, ile iliyochorwa kwa jasho la vijana wake, ibandikwe ofisi ya mtaa na isahihishwe kila baada ya masika. Data kukaa kwenye kompyuta za watafiti huku mwenyekiti hana hata nakala ni dhuluma kwa waliozitoa. Pili, halmashauri zitenge fungu la mitaro linalosimamiwa na kamati ya mtaa, na ratiba ya gari la taka ya Jumamosi ya usafi itangazwe pamoja na jina la ofisa anayewajibika. Tatu, wazibuaji walipwe kama walivyolipwa wale wa Hananasif, kwa sababu kazi inayookoa barabara za mamilioni haipaswi kuwa ya kujitolea milele. Nne, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa, ujumbe usiishie kwenye taarifa ya habari. Uwe na njia inayojulikana kutoka kwa ofisa wa kata hadi kwa mjumbe na kwa yule bibi asiyeweza kutembea. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshaweka msingi wa kamati za maafa hadi ngazi za chini. Kinachokosekana mitaa mingi ni tochi, kipaza sauti, boti na fedha ya nauli.

Tano, na hili ndilo gumu kuliko yote, orodha za watakaohamishwa zisomwe kwenye mkutano wa mtaa kabla ya kupitishwa. Wapangaji nao wahesabiwe. Katika bomoabomoa za zamani mpangaji alikuwa mtu asiyekuwepo: hakumiliki ukuta, kwa hiyo hakupoteza kitu mbele ya karatasi, ingawa alipoteza kitanda, biashara na shule ya watoto wake kwa siku moja.

Upo wasiwasi kwamba mikutano huchelewesha miradi. Ni kweli huchelewesha, kwa wiki au miezi. Hamishahamisha ya Mabwepande haikuchelewa, na zaidi ya miaka kumi baadaye jiji bado linalipia bonde lilelile kwa mkopo wa mamilioni ya dola.

Masika huanza Machi. Mikutano ya mitaa inaweza kuitishwa Februari, kwa tangazo la kipaza sauti na viti vya kukodi. Madiwani wa Ilala, Ubungo, Kinondoni na Temeke waiitishe, na wahandisi wa TARURA na maofisa wa Bodi ya Maji ya Bonde wafike wenyewe badala ya kutuma wawakilishi. Watakapofika, kabla ya kutandaza michoro yao mezani, wamwombe mwenyekiti awape watu wawili au watatu wanaoishi karibu na mtaro, watembee nao hadi kwenye kalavati, na wawaulize maji yalifika wapi.